Ukurasa wa Vifo vya Ziada wa Our World in Data, Ukisomwa kutoka Igoma

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikiutumia ukurasa wa vifo vya ziada wa tovuti ya Our World in Data, mwanzoni kwa udadisi na baadaye kwa kazi, na naandika tathmini hii kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayetaka kujua kama huduma hiyo inamfaa mtu anayeishi Mwanza. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana hapa Igoma. Kazi yangu ni kuandika katika daftari jina la marehemu, tarehe, umri, mahali alipozikwa na kile ambacho familia imekitaja kuwa chanzo cha kifo, kisha kukusanya rambirambi, kuagiza sanda au jeneza na kutafuta gari. Mimi si mtakwimu. Hata hivyo, mtu aliyeandika vifo vya mtaa mmoja kwa miaka mingi hakosi maswali ya kuwauliza wanaohesabu vya dunia nzima.

Tovuti hiyo ilianzishwa na Max Roser na inaendeshwa kutoka Oxford, Uingereza. Ni ya bure, haina matangazo, haimlazimishi mtu kujisajili, na data zake zinaruhusiwa kutumiwa na yeyote mradi ataje zilikotoka. Ni muhimu kuelewa mapema kwamba yenyewe haihesabu kifo hata kimoja. Vifo vilivyohesabiwa inavipata katika hazina mbili: Human Mortality Database, inayotunzwa na watafiti wa Rostock nchini Ujerumani na wa Berkeley nchini Marekani, na World Mortality Dataset, iliyoanzishwa na Ariel Karlinsky na Dmitry Kobak wakati janga la UVIKO-19 lenyewe likiendelea, kwa kazi ya kuzifuata ofisi za takwimu na za usajili za nchi moja baada ya nyingine. Walipochapisha kazi yao mwaka 2021 walikuwa wamefikisha nchi na maeneo 103. Hazina ya kwanza haina hata nchi moja ya Afrika. Hiyo ya pili ina chache, zikiwemo Afrika Kusini, Misri, Tunisia, Morisi na Shelisheli.

Dhana yenyewe ni nyepesi kuliko jina lake. Badala ya kuuliza ni wangapi waliouawa na ugonjwa fulani, jambo linalohitaji vipimo, daktari na cheti kilichoandikwa kwa uaminifu, unauliza ni wangapi waliofariki kwa sababu yoyote ile, kisha unatoa idadi ambayo ingetarajiwa katika kipindi hicho kama janga lisingekuwepo. Tuseme mtaa hutarajia misiba 40 kwa mwezi na mwezi huu imetokea 50: ziada ni 10, yaani asilimia 25, na asilimia hiyo ndiyo inayochorwa katika mchoro mkuu wa ukurasa huu. Ndani ya ile 10 wamo waliokufa kwa virusi bila kupimwa, wamo pia waliokufa kwa presha au uzazi kwa sababu hospitali ilijaa au kwa sababu waliogopa kwenda. Wapo hata wasiokufa, maana barabara zilipokuwa tupu ajali zilipungua. Kipimo hiki hakitofautishi hawa na wale, na ukurasa unalisema hilo waziwazi.

Kwa nchi zenye usajili kamili, sijaona mahali pengine panapolionyesha jambo hili vizuri kiasi hiki. Ukichagua Peru utaona mstari ukivuka asilimia 100, maana yake ni kwamba kuna wakati nchi ile ilizika zaidi ya mara mbili ya waliotarajiwa, na hapo unaelewa kwa nini tarehe 31 Mei 2021 serikali yake ilipitia upya hesabu na kupandisha idadi rasmi ya waliofariki kwa UVIKO-19 kutoka 69,342 hadi 180,764. Ukichagua New Zealand utaona mstari ukishuka chini ya sifuri mwaka 2020, kwa kuwa mipaka ilifungwa na mafua ya kila majira ya baridi hayakuonekana, hivyo wazee ambao kwa kawaida huondoka na mafua hayo walibaki. Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye mchoro wa Afrika Kusini. Idadi rasmi ya vifo vya UVIKO-19 nchini humo ni takriban 102,000, lakini watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Cape Town walikuwa wakitoa taarifa kila wiki, na hadi mwanzoni mwa 2022 vifo vya ziada vilivyotokana na maradhi vilikuwa vimepita 300,000. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mtu mwenye namba ya utambulisho akifariki huko, kifo chake huingia katika rejista ya taifa ndani ya siku chache. Hakuna siri nyingine.

Ugumu unaanzia kwenye neno "ilivyotarajiwa". Nani anatarajia, na kwa kutumia nini? Njia ya mkato ni kuchukua wastani wa vifo vya miaka 2015 hadi 2019 na kulinganisha nao, na ndivyo ukurasa huu ulivyokuwa ukifanya mwanzoni. Baadaye, mwaka 2021, walihamia kwenye njia ya Karlinsky na Kobak, ambayo hufuata mwelekeo wa miaka hiyo mitano na kuupeleka mbele badala ya kusimama katikati yake. Msomaji wa Ulaya anaweza kuliona hilo kama suala la mafundi tu. Kwetu lingebadilisha picha nzima, na nitaeleza kwa mfano. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 Watanzania waliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, sawa na asilimia 3.2 kwa mwaka. Katikati ya kipindi cha 2015 hadi 2019 ni mwaka 2017. Kutoka hapo hadi 2020 ni miaka mitatu, ambayo kwa kasi hiyo inaongeza watu kwa karibu asilimia 10. Kama kila watu elfu moja wangeendelea kufa kwa kiwango kilekile, mchoro wa wastani ungeionyesha Tanzania ikiwa na ziada ya karibu asilimia 10 mwaka 2020 bila mgonjwa hata mmoja wa UVIKO-19. Katika Mwanza, ambako mtaa wa nyumba kumi unageuka kuwa wa nyumba mia ndani ya miaka michache, makaburi huongezeka kwa sababu watu wameongezeka, na mimi mwenyewe nimewahi kulifumbua daftari na kushtuka kabla ya kukumbuka kwamba chama nacho kilikuwa kimepokea wanachama wapya.

Nisidhaniwe kwamba tatizo hili ni la nchi maskini. Mwezi Februari 2024 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya Uingereza ilitangaza njia mpya ya kukokotoa vifo vinavyotarajiwa, inayozingatia ukubwa wa idadi ya watu na jinsi wanavyozeeka. Kwa njia ya zamani, mwaka 2023 Uingereza ilikuwa na vifo vya ziada 31,442. Kwa njia mpya vikawa 10,994. Maiti ni zilezile, vyeti ni vilevile, makaburi hayakuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni matarajio. Kwa mwaka 2020, wakati janga lilikuwa kali, tofauti ilikuwa ndogo kwa ulinganifu, kutoka 84,064 hadi 76,412. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ukurasa ungepaswa kuliandika kwa herufi kubwa zaidi: katika kilele cha janga ziada ni kubwa kiasi kwamba njia yoyote itaiona, lakini katika miaka iliyofuata, ambayo ndiyo watu wanayoibishania zaidi siku hizi, ziada ni ndogo na chaguo la msingi wa kulinganisha linaweza kuizidisha mara tatu au kuipunguza. Ujerumani nayo ilipata somo hilo: makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi hiyo yalishushwa kutoka 195,000 hadi 122,000 baada ya wataalamu kuonyesha kwamba mstari wa matarajio ulikuwa umepinda vibaya.

Sasa nije nyumbani. Ukitafuta Tanzania katika mchoro wa vifo vilivyohesabiwa, huipati. Jina halimo katika orodha ya kuchagua. Ukishuka chini zaidi katika ukurasa huohuo, unakutana na mchoro wa makadirio ya jarida la The Economist, na humo Tanzania imo, na mstari wake, na kivuli chake cha rangi kinachoonyesha kiwango cha chini na cha juu, kama vile nchi yoyote nyingine. Sakafuni kabisa kuna mstari wa vifo vilivyothibitishwa, ambao unasimama kwenye 21 kuanzia Mei 2020, serikali ilipoacha kutoa takwimu, na kukaa hapohapo kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi utoaji wa taarifa ulipoanza tena mwaka 2021. Mwishowe unafika 846. Kati ya mistari hiyo miwili pana nafasi ambayo mchoro huu hauwezi kuijaza kwa uhakika.

Nilimwonyesha mwenyekiti wetu mchoro huo kwenye simu, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki vya chama tukisubiri gari la maiti kutoka hospitali. Aliisogeza simu mbali na macho kama afanyavyo na vitabu.

"Katibu, huu mstari wa juu ameuchora nani?"

"Jarida moja la London, Mzee. Kompyuta yao imekadiria."

"Walihesabu makaburi ya wapi?"

"Kwetu hawakuhesabu. Wamechukua nchi zilizohesabu, wakaangalia sisi tunafanana nazo kiasi gani kwa umri, kwa kipato na mambo mengine zaidi ya mia moja, kisha wakakadiria."

Alinirudishia simu. "Basi huyo ni marehemu wa jirani, wamemvalisha sanda yetu."

Maneno hayo ni makali kuliko hukumu yangu, ila yana ukweli ndani yake. Waliotengeneza modeli ile wameweka mahesabu yao hadharani, na kivuli kilichozunguka mstari wa Tanzania ni kipana sana kuliko kile cha nchi zinazosajili vifo. Anayejua kusoma kivuli anaelewa kwamba ameambiwa "hatuna hakika". Lakini jicho la mtu wa kawaida hufuata mstari na kukiacha kivuli. Upana ule una maana kubwa kuliko mstari wenyewe, na mchoro unaufanya uonekane kama pambo. Ningependelea nchi zisizo na hesabu zichorwe kivuli peke yake bila mstari wa katikati, ili asiwepo mtu wa kuinyofoa namba moja na kuizungusha kwenye makundi ya WhatsApp kama hesabu ya makaburi.

Nilipotaka kuupeleka mchoro kwenye mkutano wa chama, niliuchapisha kwenye duka moja la steshenari la hapa mjini. Nilikuwa nimelipia rangi, nikapewa nyeusi na nyeupe, na nikagundua nikiwa tayari mkutanoni. Kivuli kilikuwa kimegeuka kijivu cha kufifia, mstari wa makadirio na ule wa vifo vilivyothibitishwa vikawa vyeusi vyote viwili, na mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa nini serikali imetoa takwimu mbili. Lawama ni ya steshenari, na yangu kwa kutokagua. Hata hivyo nilitoka na fundisho kwa anayetaka kuutumia ukurasa huu kufundishia: tofauti kati ya kilichohesabiwa na kilichokisiwa isitegemee rangi pekee.

Hali ya namba za dunia nzima si tofauti sana. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Mei 2022 kwamba vifo vya ziada kwa 2020 na 2021 vilikuwa milioni 14.9, kati ya milioni 13.3 na 16.6, wakati vile vilivyoripotiwa kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa milioni 5.4. Watafiti wa Seattle, kwa kipindi karibu hichohicho, walipata milioni 18.2. Tofauti ya zaidi ya watu milioni tatu inatokana kwa sehemu kubwa na nchi kama yetu, na India, ambayo serikali yake iliyapinga makadirio hayo waziwazi.

Wazee wa Igoma hawahitaji kufundishwa hesabu ya namna hii. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Waliofariki wanakadiriwa kufikia 894, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma, mwendo mfupi kutoka ninapoandika. Aliyetaka kujua ni wangapi waliopotea hakuweza kuitegemea orodha. Ilibidi kuhesabu miili, na kusikiliza familia ambazo mtu wao hakurudi.

Kinachonisikitisha ni kwamba ukurasa unawaacha wasomaji wa Afrika hapo kwenye kivuli, kana kwamba njia nyingine hazipo. Zipo. Umbali wa kilomita kama ishirini kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya Musoma, kuna Kisesa, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia kaya tangu 1994: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na ndugu wa marehemu huhojiwa kuhusu dalili ili chanzo cha kifo kikadiriwe. Hesabu hiyo ni ya eneo dogo, lakini imehesabiwa nyumba kwa nyumba. Jijini Lusaka, watafiti walipima maiti zilizofikishwa mochwari ya hospitali kuu ya chuo kikuu kati ya Juni na Septemba 2020, na katika 364 walizopima, 70 zilikuwa na virusi, wengi wakiwa hawakupimwa walipokuwa hai. Huko Aden, Yemeni, wengine walitumia picha za setilaiti kuona makaburi yalivyopanuka. Na sensa yetu ya 2022 ilikuwa na maswali kuhusu vifo vilivyotokea katika kaya ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Kiungo kimoja tu cha kuelekea kazi za aina hii kingemsaidia msomaji wa Mwanza kuliko mstari ule mzima.

Haki inanitaka niseme kwamba hata daftari langu lisingefaa kupelekwa Oxford. Safu yangu ya chanzo cha kifo kwa 2020 na 2021 imejaa "changamoto ya upumuaji", maneno yaliyokuwa yakitumika wakati ule kila mahali, ambayo hayamwambii mtu chochote na yanamwambia kila kitu. Zaidi ya hapo, watu wa mji huu wengi hawazikwi hapa. Tunasafirisha mwili kwenda Ukerewe, Bunda, Muleba, na kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025 tulikuwa tukingoja kivuko pamoja na malori ili tumfikishe marehemu Sengerema. Mtu huyo amefia wilaya moja, amezikwa nyingine, na pengine kibali cha mazishi kimebaki kwenye mfuko wa shati la mjomba wake bila kugeuzwa kuwa cheti cha kifo. Anayehesabu makaburi ya Igoma hampati, na anayehesabu vyeti naye hampati.

Kuhusu lugha, ukurasa ni wa Kiingereza, na maelezo yake ya mbinu ni marefu na mazito, ingawa yameandikwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Kuhusu wakati, msomaji ajue kwamba shughuli ya kukusanya data ilipungua nguvu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, na kwamba wiki za mwisho katika nchi nyingi huonekana kuwa na vifo vichache kuliko uhalisia kwa sababu usajili huchelewa. Mstari unaoporomoka mwishoni usichukuliwe kuwa habari njema.

Kwa sehemu ya vifo vilivyohesabiwa natoa nyota tano kati ya tano. Kwa sehemu ya makadirio natoa tatu: mbili kwa uwazi wa mbinu, moja kwa kivuli, na mbili nilizozizuia ni za ule mstari wa katikati. Mwalimu wa hisabati wa sekondari ataipata humo mifano ya asilimia na wastani ya kumtosha muhula mzima. Mwandishi wa habari anayetafuta idadi ya Watanzania waliofariki hataipata, na akidhani ameipata, arudi asome maelezo yaliyo chini ya mchoro.

Kwa anayetumia simu, ailaze, la sivyo majina ya nchi yatapandana. Mchoro mzima unakula bando kidogo tu, lakini faili la data lenye nchi zote ni kubwa; ni heri kulipakua kwenye kompyuta na kulifungua kwa programu ya majedwali. Safu ya kwanza ni nchi, ya tarehe inafuata. Tahadhari moja: nchi nyingine zimeandikwa kwa wiki na nyingine kwa mwezi, na ukizijumlisha bila kutazama utapata msiba ambao haukutokea.